Mai Thu, Mchoraji wa Hariri Aliyenirekebisha Jicho

Wahenga hawakukosea waliposema hujafa hujaumbika. Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitutaka kila mwanachama aandike maisha ya mtu maarufu aliyekwisha kufa zamani. Wenzangu wengi waliwahi kuwanyakua wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchukua mchoraji kutoka Vietnam ambaye, nina hakika, wengi wenu hamjapata hata kumsikia. Jina lake ni Mai Trung Thứ, lakini alijulikana zaidi kama Mai Thu, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Kabla sijaanza kumsimulia, mpenzi msomaji, lazima nikiri jambo moja. Bila hilo hutaelewa kwa nini nimemchagua yeye.

Wanaonifahamu wanajua kwamba kalamu yangu haitulii. Hesabu ikinishinda, nachora. Mwalimu akichelewa, nachora. Muhula wa kwanza alikuja darasani kwetu msichana mgeni. Ukame ulikuwa umewamaliza mifugo kwao, wakahamia huku kwa shangazi yake. Alivaa sweta lililomzidi mwili na akala miguuni, na alipoambiwa ajijulishe sauti haikutoka. Nami, kwa ujuaji wangu, nikachukua karatasi nikamchora kama sanamu ya kufukuzia ndege shambani. Sweta kubwa, miguu kama vijiti, akala kama matairi ya lori. Karatasi ikapita dawati hadi dawati. Darasa zima likaangua kicheko. Nilijiona bingwa, kusema kweli, mpaka ile karatasi ilipomfikia mwenyewe. Aliitazama kitambo, akaikunja vizuri, akalaza kichwa chake juu ya dawati. Kesho yake hakuja shuleni. Kesho kutwa vilevile.

Karatasi ilifika kwa mwalimu wetu mlezi. Nilingoja adhabu kali, lakini wapi! Alinipeleka maktabani, akaniambia kwamba mkono wangu ni mzuri ila jicho langu ni bovu. Kisha akatoa katika kitabu cha zamani kadi moja iliyopauka, yenye picha ya watoto wawili walioinamia kitabu kimoja. Nyuso zao zilikuwa mviringo, macho yameinama, na rangi zilikuwa za upole kama za asubuhi ya mapema. Akasema nimtafute aliyeichora, nisome maisha yake, halafu nirudi kumwambia tofauti ya jicho lake na langu. Basi ndiyo safari yenyewe hii.

Mai Thu alizaliwa mwaka 1906 karibu na Hải Phòng, mji wa bandari kaskazini mwa Vietnam. Hakuzaliwa katika umaskini. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa katika utawala wa jadi wa nchi hiyo, wale wasomi waliopata vyeo kwa elimu. Lakini heshima ile ilikuwa na kivuli juu yake. Wakati huo Vietnam ilitawaliwa na Wafaransa, na pamoja na Laos na Kambodia iliitwa Indochina. Mtoto wa Kivietinamu, hata awe wa bwana mkubwa, alikua akijua kwamba kuna bwana mwingine juu ya baba yake.

Mwaka 1924 serikali ya Wafaransa ilitoa amri ya kuanzisha chuo cha sanaa mjini Hanoi, na mwaka 1925 kikafungua milango. Aliyekiongoza ni mchoraji Mfaransa, Victor Tardieu, akisaidiana na mchoraji Mvietinamu, Nguyễn Nam Sơn. Mai Thu alikuwa katika kundi la kwanza kabisa la wanafunzi. Humo darasani walikuwemo pia Lê Phổ na Nguyễn Phan Chánh, majina ambayo leo yanatajwa kila sanaa ya Vietnam inapozungumzwa. Hebu fikiria darasa kama hilo! Sisi tukitazamana hapa hatujui nani atakuwa nani.

Masomo yalichukua miaka mitano. Walifunzwa kuchora kwa rangi ya mafuta kama Wazungu, kupima mwili wa binadamu, kuleta mwanga na kivuli. Lakini Tardieu hakutaka wawe nakala za Wafaransa. Aliwahimiza wasiviache vya kwao, yaani hariri, laka na ile mistari myembamba ya Mashariki. Vijana wale wakawa kama mtu mwenye lugha mbili mdomoni, na kazi yao ikawa kuzipatanisha.

Mwaka 1930 Mai Thu alimaliza masomo. Mwaka huohuo alichora kwa rangi ya mafuta picha ya msichana aliyeitwa Phuong. Amekaa kwa utulivu katika vazi lao la heshima, lile refu liitwalo áo dài. Hacheki wala halii. Ukimtazama unahisi kama umeingia chumbani bila kubisha hodi, na yeye kwa adabu yake hakukufukuza. Ishike hiyo picha akilini, msomaji, tutairudia mwishoni.

Kuanzia mwaka 1931 alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule moja mjini Huế, mji uliokuwa makao ya wafalme wa Vietnam. Alifundisha huko hadi mwaka 1937. Huế ni mji wa mto, mahekalu na bustani, na watu wake wanasifika kwa upole wa mwendo na maneno. Wanasema mazoea hujenga tabia, na naona upole ule ulimwingia mchoraji wetu hata asitoke nao tena. Alipenda pia muziki. Alipiga đàn bầu, ala ya Kivietinamu yenye uzi mmoja tu. Uzi mmoja, lakini sauti zote zimo! Mtu anayeridhika na uzi mmoja, bila shaka, hawezi kuwa mtu wa makelele.

Mwaka 1937 kulikuwa na maonyesho makubwa ya mataifa mjini Paris. Lê Phổ, yule mwenzake wa darasani, alikwenda kusimamia upande wa sanaa wa Indochina. Mai Thu naye akavuka bahari kwenda huko. Alikuwa na miaka 30 hivi. Hapo ndipo maisha yake yalipokatika vipande viwili kama muwa, maana Ufaransa ndiko alikofanya makao yake mpaka kufa.

Kaa nami hapa kidogo, msomaji. Nilipofika sehemu hii nilimkumbuka yule msichana mgeni wa darasani. Mai Thu naye alikuwa mgeni. Alitoka nchi ya joto na mpunga, akaingia nchi ya baridi ambako wenyeji ndio waliokuwa wakitawala kwao. Huko Ulaya Wavietinamu walikuwa wamezoea kuchorwa na wengine kama viumbe vya ajabu vya mbali, vitu vya kupamba matangazo. Yaani, kwa lugha nyingine, walichorwa kama nilivyochora mimi.

Haukupita muda, mwaka 1939, vita kuu vya pili vikalipuka. Wafaransa waliwasafirisha Wavietinamu wapatao 20,000 kwenda Ufaransa kufanya kazi, wengi wao katika viwanda vya baruti, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Mai Thu yeye alijiunga na jeshi la Ufaransa. Ufaransa iliposhindwa mwaka 1940 aliachiwa kutoka jeshini akiwa Mâcon, mji ulio kando ya mto Saône. Alikaa huko kwa muda, na katika kanisa la Mtakatifu Petro la mji huo alichora picha ukutani kwa kuwakumbuka waliokufa vitani. Mgeni kutoka Mashariki ya mbali akapewa ukuta wa kanisa, awaliwaze wenyeji waliofiwa. Sidhani watu wa mji wangemkabidhi kazi hiyo mtu mwenye dharau.

Wakati huo kwao nako hakukulalika. Mwaka 1945 njaa kubwa iliikumba Vietnam ya kaskazini, ikaua mamia ya maelfu ya watu, na wako wanaokadiria kwamba walifika milioni 2. Tarehe 2 Septemba mwaka huohuo Hồ Chí Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi. Mwaka 1946 kiongozi huyo alikwenda Ufaransa wakati wa mazungumzo ya Fontainebleau, akitaka uhuru ule ukubaliwe kwa amani. Na unajua nani alikuwa huko na kamera ya filamu? Mai Thu! Aliacha brashi, akaipiga filamu ziara ile ili Wavietinamu wawe na kumbukumbu yao wenyewe, si ya kusimuliwa na mwingine. Mazungumzo hayakuzaa matunda. Mwisho wa mwaka huo vita vikaanza, vikaendelea hadi 1954. Nchi ikagawanywa, kaskazini na kusini. Vita vingine vikafuata, vya kutisha zaidi, Wamarekani wakaingia, na havikwisha hadi tarehe 30 Aprili 1975.

Sasa hapa ndipo penye fumbo. Miaka yote hiyo, kwao kunaungua, Mai Thu alichora nini? Mimi nilitarajia mabomu, damu na vifaru. Badala yake nilikuta mama anamchana mwanawe nywele. Nikakuta watoto wanapanga foleni kwa mchezo, msichana anasoma barua, wazee wanakunywa chai, dada anapiga ala ya muziki na mdogo wake amesinzia. Nilirudi kwa mwalimu nikamwambia kwamba jamaa huyu alikuwa mwoga, alikimbia ukweli akaficha uso. Mwalimu hakubisha wala hakukubali. Aliniuliza tu, magazeti ya miaka hiyo yaliwaonyesha Wavietinamu wakiwa katika hali gani.

Nilikwenda nikakaa na swali hilo siku tatu. Jibu lilinijia nikiwa natembea kwenda nyumbani jioni. Dunia nzima ilikuwa imezoea kumwona Mvietinamu akiwa maiti, au mkimbizi, au adui. Aliyezoea kumwona mtu hivyo hawezi kumhurumia kwa muda mrefu, maana jicho huchoka. Mai Thu yeye alimwonyesha mtoto yuleyule kabla bomu halijaanguka. Huyu ana mama. Huyu anapenda kusoma. Huyu ana usingizi. Ukishamjua hivyo, je, utaweza kusikia habari za bomu ukaendelea kunywa chai yako? Hayo ni mawazo yangu mimi, si lazima uyakubali. Lakini tangu hapo sijamwita mwoga tena.

Wacha niwaeleze na kazi yenyewe ilivyofanywa, kwa faida ya wapenzi wa kuchora. Alipofika Ufaransa aliiacha karibu kabisa rangi ya mafuta, akashika hariri. Kuchora juu ya hariri si mchezo. Kitambaa hutandazwa kikakazwa, hupakwa gundi nyepesi ili kisinywe rangi ovyo, kisha rangi ya maji hutiwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka. Rangi ya mafuta ukikosea unafunika. Karatasini ukikosea unafuta, na kama ni mimi nachana kabisa. Lakini hariri inameza rangi, haisahau. Ukiweka mstari wa dharau, utabaki pale pale. Kwa hiyo mchoraji hana budi kumjua anayemchora kabla brashi haijagusa kitambaa. Mai Thu alitumia mistari myembamba na rangi tambarare, na vivuli vile vizito vya Wazungu akaviweka kando. Mara nyingi hata fremu za picha alizitengeneza kwa mkono wake, kama mama anayeshona sare ya mwanawe asimwachie fundi.

Huko ugenini hakuwa peke yake. Lê Phổ naye alibaki Ufaransa, na mwingine kutoka chuo kilekile, Vũ Cao Đàm, alikuwa ametangulia tangu mwaka 1931. Mwanamke mchoraji aliyesoma chuo hicho, Lê Thị Lựu, alifika mwaka 1940. Hawa wanne walikuwa kama kijiji kidogo cha Vietnam ndani ya Ufaransa. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, lakini ukiziweka picha zao pamoja unaona wote wanaikumbuka nyumba moja.

Watoto ndio waliomfikisha Mai Thu mbali. Katika miaka ya 1960 alifanya maonyesho ya picha za watoto, watu wakazipenda mno. Zikachapwa na kusambazwa, nyingine zikawa kadi za UNICEF, lile shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia watoto. Mtu asiye na uwezo wa kununua hata kipande cha hariri aliweza kuwa na mtoto wa Mai Thu ukutani kwake. Na sasa mnajua kadi kama ile iliyopauka huanzia wapi, hata ikaishia ndani ya kitabu cha maktaba yetu.

Alifariki Ufaransa mwezi Oktoba mwaka 1980, akiwa na miaka 73. Alijaliwa kuona vita vya kwao vimekwisha na nchi imeungana, japo yeye mwenyewe alibaki ng'ambo.

Nilisema tutairudia ile picha ya Phuong. Mwaka 1993 ilionekana katika filamu moja maarufu ya mwongozaji Trần Anh Hùng, ambaye naye ni Mvietinamu aliyekulia Ufaransa. Halafu mwezi Aprili 2021 iliuzwa kwenye mnada huko Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 3 za Marekani. Wakati huo hakuna picha ya Kivietinamu iliyokuwa imewahi kupata bei hiyo mnadani. Na mwisho wa mwaka 2024, makumbusho ya Cernuschi mjini Paris yalifungua maonyesho ya Mai Thu, Lê Phổ na Vũ Cao Đàm, miaka 100 baada ya amri iliyoanzisha chuo chao. Wenzangu mtashangaa hizo dola. Mimi ninachoshangaa ni kwamba msichana aliyekaa kimya tu mwaka 1930 bado anatazamwa kwa heshima.

Sasa nirudi kwetu, maana mcheza kwao hutunzwa, lakini mkosaji kwao naye hana budi kuomba radhi kwao.

Yule msichana alirudi darasani siku ya tatu. Nilichelewa sana kumkabili. Nilipita karibu na dawati lake karibu kila siku kwa wiki mbili, nikijifanya natafuta chaki. Hatimaye nilimwomba msamaha mbele ya walewale waliocheka, maana nilimkosea hadharani. Nikamwomba pia, kama hatajali, nimchore upya. Alinyamaza kitambo, kisha akasema sawa, ila kwanza nimwulize chochote ninachotaka kujua, nisibuni. Basi nikauliza. Kumbe lile sweta lilikuwa la kaka yake mkubwa, aliyebaki nyuma na ng'ombe wachache waliosalia. Alimvua akampa asubuhi ya safari kwa sababu kulikuwa na baridi. Na zile akala alizichonga baba yake.

Kalamu ilinizimia mkononi, wallahi. Nilikuwa nimechora sweta bila kumwona kaka, na akala bila kumwona baba.

Nilimchora kwa siku nne. Sikupunguza sweta wala sikuficha akala, ila safari hii nilijua zimetoka wapi, na mkono wenyewe ukajua pa kwenda. Si picha ya kutisha kwa uzuri. Pua imekataa kabisa. Nilimpa, akaitazama kama alivyoitazama ile ya kwanza, akaikunja, akaitia mkobani bila kusema neno. Roho ilinidunda usiku kucha. Kesho yake niliona daftari lake la Kiswahili limejaladiwa upya, na picha ile iko juu, imefunikwa na karatasi ya plastiki isilowe mvua.

Ndiye aliyeniruhusu niandike haya, kwa sharti nisitaje jina lake. Nami nilimrudia mwalimu kumpa jibu la swali lake la maktabani. Nilimwambia tofauti ni kwamba Mai Thu alimtazama mtu kwanza, akachora baadaye, nami nilianza kuchora kabla ya kutazama. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, akanipa ile kadi niiweke.

Iko kwenye dawati langu. Anayetaka kuiona aje tu, ila anawe mikono.